Nyuma ya Makombora Yao Wenyewe

Tarehe 1 Julai 1916, kandokando ya mto Somme huko Ufaransa, jeshi la Uingereza lilipata hasara ya askari 57,470 kwa siku moja. 19,240 kati yao walikufa. Mizinga ilikuwa imenguruma wiki nzima. Lakini saa ya kushambulia ilipowadia, ilielekezwa kwenye mistari ya nyuma ya adui. Wajerumani waliojichimbia chini kabisa ardhini wakapanda juu na bombomu zao, wakawakuta Waingereza bado wako uwanjani.

Makombora hayakuwa haba. Kilichoua ni zile dakika kati ya kombora la mwisho na kufika kwa askari wa kwanza.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kutisha: mizinga isinyamaze, bali iendelee kupiga mbele ya askari wake na kusogea polepole, nao waifuate wakiwa wameikaribia mno. Wapo waliouawa na makombora ya upande wao. Makamanda walilijua hilo, ila kuachwa nyuma kuliua wengi zaidi.

Wakanada waliipania mbinu hiyo kabla ya kuishambulia safu ya vilima ya Vimy, kaskazini mwa Ufaransa. Kamanda wao, Julian Byng, aliamuru mistari ya Wajerumani ichorwe kwa tepu mashambani nyuma ya vita. Maofisa waliopanda farasi wakashika bendera kuwa ndiyo makombora, na askari wakafundishwa kuwafuata kwa mwendo ule ule, tena na tena. Ramani nazo hazikufichwa makao makuu. Askari wa kawaida waligawiwa.

Jumatatu ya Pasaka, 9 Aprili 1917, saa 11:30 alfajiri, theluji ikiwapiga Wajerumani usoni, karibu mizinga 1,000 ilifyatuka. Makombora yalisogea takriban mita 90 kila dakika tatu. Fyuzi mpya ziliyapasua mara tu yalipogusa seng'enge, badala ya kuzama kwanza kwenye tope. Sehemu nyingi, Wakanada walifika mahandakini kabla Wajerumani hawajatoka.

Kwenye Kilima 145, sehemu ya safu hiyo, mambo yaliharibika. Kipande cha handaki kiliachwa bila kupigwa kwa ombi la ofisa aliyetaka kukitumia baada ya kukiteka, na bombomu zilizosalia humo ziliwafyeka watu wake. Jioni, Batalioni ya 85 kutoka Nova Scotia, ambayo haikuwa imewahi kushambulia, iliambiwa ipande. Mizinga ya kuikinga ilifutwa dakika za mwisho kwa kuwa Wakanada wengine walikuwa karibu mno na shabaha. Ikapanda bila kinga, ikawatimua Wajerumani.

Mapigano yalikwisha 12 Aprili. Wakanada 3,598 walikuwa wamekufa.