Demae: Soba Inavyomfuata Mteja Tokyo

Demae ni desturi ya migahawa ya Japani ya kumpelekea mteja chakula alipo, na iliota mizizi katika mji wa Edo, ambao tangu 1868 unaitwa Tokyo. Moto mkubwa wa 1657 uliuteketeza mji huo, na mafundi na vibarua wakamiminika kuujenga upya. Wengi walikuwa wanaume walioishi bila familia, hivyo biashara ya chakula kilichopikwa ikashamiri, hasa tambi za soba. Mpelekaji alitumia okamochi, sanduku la mbao lenye mpini juu, rafu ndani na kifuniko cha kutelezesha mbele.

Baiskeli zilipoenea, kazi hiyo ikawa ya kustaajabisha. Kijana wa soba alishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashikilia begani mrundo wa trei na bakuli uliokipita kichwa chake, akipenya katikati ya magari. Ulikuwa ustadi wa kweli, na hatari yake ilikuwa ya kweli vilevile.

Kiwanda cha Honda kiliwafikiria vijana hao. Takeo Fujisawa, mshirika wa Soichiro Honda, alitaka pikipiki ambayo mpeleka soba angeweza kuiendesha kwa mkono mmoja. Ndiyo maana Super Cub ya 1958 haikuwa na klachi ya mkono: gia zilibadilishwa kwa mguu, na mkono wa kushoto ukabaki huru. Baadaye nyuma ya pikipiki pakafungwa kifaa cha chuma chenye springi, ambacho trei yake ilining'inia na kutulia hata pikipiki ilipolala kwenye kona. Mchuzi haukumwagika tena.

Chakula kilifika katika bakuli zilezile za mgahawani. Mteja alikula, akazisuuza na kuziweka nje ya mlango. Kijana akarudi kuzichukua. Kila oda ilidai safari mbili, kwa hiyo mgahawa ulihudumia mitaa ya jirani tu.

Kampuni ya pizza ya Domino's ilipofungua duka lake la kwanza nchini Japani mwaka 1985, mtaani Ebisu, pizza zilikwenda katika maboksi ya kutupwa, na safari ya pili haikuhitajika. Tangu programu ya simu ya Uber Eats iingie Tokyo mwaka 2016, mgahawa mdogo unaweza kupeleka chakula bila kuajiri kijana wala kumiliki pikipiki, ila sehemu ya mauzo yake huchukuliwa na kampuni ya programu hiyo.