Goli Likiingia, Wengine Huona Migongo Tu

Wasee, tuulizane kitu. Mashemeji Derby iko Jumapili. Wewe unapanga nini? Jezi, nauli na mbogi mtakutana wapi. Basi, umemaliza.

Sasa panga kama shabiki wa kiti cha magurudumu. Ni matatu gani itasimama, na makanga akikubali, atakulipisha watu wangapi? Geti gani halina ngazi? Ukishaingia, utakaa wapi, na choo kiko mbali kiasi gani? Wewe mechi yako inaanza siku tatu kabla ya refa kupuliza kipenga.

Kuna watu wataniambia hiyo ni bahati mbaya tu. Apana. Hiyo ni historia. Kila ngazi iliyoko uwanjani kuna mtu aliichora na mwingine akaipitisha.

Tuanzie nyumbani. Nyayo ilifunguliwa 1983. Kasarani ikajengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Sheria yetu ya watu wenye ulemavu ilikuja 2003, viwanja hivyo vikiwa tayari vimezeeka. Na kwa karatasi, ilikuwa sheria tamu sana. Wenye majengo ya umma walipewa miaka 5 kuyarekebisha. Wenye matatu na mabasi walipewa miaka 2. Viwanja vya michezo vya serikali, watu wenye ulemavu wavitumie bila malipo.

Lakini soma polepole. Hiyo miaka 5 na ile 2 haikuhesabiwa kutoka siku sheria ilipopitishwa. Ilihesabiwa kutoka siku vifungu vyenyewe vitakapoanza kutumika. Yaani dakika 90 ziliandikwa, lakini hakuna aliyeandika mechi inaanza lini. Baadaye tukapata Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika kila mahali na kutumia usafiri wa umma. Mwaka 2025 tukapata sheria nyingine mpya. Karatasi tunazo. Sasa simama stegi yoyote pale tao uhesabu ni matatu ngapi zinaweza kupandisha kiti cha magurudumu.

Wacha tuangalie Uingereza, maana nusu yenu mnaumwa na roho kila wikendi kwa sababu ya timu za huko. Msidhani walizaliwa wakijua. Kwa miaka mingi, shabiki Mwingereza asiyeweza kutembea alikuwa anaingia uwanjani na kigari chake cha magurudumu matatu alichopewa na serikali, anakiegesha kando ya nyasi, na anatazama mechi kupitia kioo. Hakuwa na mahali pake kwenye stendi pamoja na wenzake.

Kwa wasioona stori ni tofauti kidogo. Januari 1927, BBC ilipotangaza raga moja kwa moja kutoka Twickenham, mtangazaji Teddy Wakelam aliwekewa karibu naye mtu asiyeona kutoka St Dunstan's, akaambiwa amsimulie huyo kinachoendelea. Fikiria hapo. Utangazaji ambao sote tunaufurahia ulijifunza kazi kwa kumhudumia mtu mmoja asiyeona. Ukimjali huyo mmoja, umati mzima unafaidika.

Turudi 2003. Mwaka ule ule tuliopata sheria yetu, Waingereza walichapisha mwongozo wa viwanja vinavyofikika na kila mtu. Huo ulikuwa na idadi. Uwanja wa watu zaidi ya 40,000 uwe na nafasi 210 za viti vya magurudumu, na 2 zaidi kwa kila watu 1,000 wanaozidi hapo. Msaidizi akae kando yako, sio stendi ya ng'ambo. Na uweze kuona hata wa mbele yako wakisimama, kwa sababu goli likiingia kila mtu husimama.

Je, klabu zilikimbia kutekeleza? Wapi! Mwaka 2014 BBC ilihesabu ikakuta klabu 17 kati ya 20 za Premier League hazijafikisha idadi hiyo. Mambo yalianza kusonga 2015, baada ya mashabiki wenye ulemavu kupiga kelele miaka nenda miaka rudi. Ligi iliahidi kwamba kufikia Agosti 2017 kila klabu itakuwa imetimiza mwongozo. Si wote waliofika kwa wakati, lakini sasa kila mtu alijua nani amechelewa. Hata Manchester United ilitangaza itapunguza viti vya kawaida karibu 2,600 pale Old Trafford ili kuongeza nafasi zaidi ya 300 kwa mashabiki wenye ulemavu.

Umeona siri yake? Sisi tulikuwa na haki isiyo na tarehe. Wao walikuwa na idadi isiyo na tarehe, na ilikaa miaka 12 bila meno. Siku idadi na tarehe zilipokutana, saruji ikaanza kuvunjwa.

Na sisi saa hii tuko na tarehe. AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Uwanja wa Talanta wa watu 60,000 unajengwa hapo Ngong Road. Kwa hesabu ile ya Waingereza, uwanja kama huo unahitaji nafasi 250 za viti vya magurudumu. Zetu ni ngapi? Ziko stendi gani? Tiketi zake zinauzwa wapi? Kwenye CHAN ya Agosti 2025 tuliona wasio na tiketi wakivamia mageti Kasarani mpaka CAF ikapunguza idadi ya mashabiki. Kama wewe mwenye miguu miwili uliogopa ule msukumano, fikiria aliyeketi.

Kwa hivyo kabla ya kununua tiketi, uliza waandaaji: geti gani, nafasi ngapi, choo wapi, msaidizi anaingiaje. Uliza hata kama unatembea vizuri. Swali likiulizwa na watu elfu moja, mtu fulani atalazimika kuandika jibu, na ni rahisi kuongeza rampu sasa kuliko kuvunja ukuta 2030.