F-19: modeli ya ndege ambayo haikuwepo

Leo naomba tuweke misimbo kando kidogo, ingawa mkinivumilia mpaka mwisho mtaona kwamba hatukwenda mbali nayo. Nataka kuwasimulia habari ya sanduku la plastiki lililouzwa katika maduka ya vitu vya kuchezea kule Marekani mwaka 1986. Sanduku hilo liliwakera wabunge, na ndege iliyokuwa ndani yake haikuwahi kuwepo duniani.

Kwa asiyeujua mchezo huu: unanunua sanduku lenye vipande vya plastiki vilivyoshikamana kwenye fremu. Unavikata kwa wembe, unasugua kwa msasa, unagandisha kwa gundi, unapaka rangi, halafu unabandika alama za jeshi. Kazi inaweza kukuchukua jioni moja au miezi mitatu, kutegemea subira yako. Wengi huunda ndege zilizoruka kweli, kama Spitfire, kwa sababu picha zipo na ukikwama unaweza kuitazama ndege yenyewe katika jumba la makumbusho.

Lakini wapo wanaopenda ndege za "ingekuwaje". Nao wamegawanyika mara mbili. Kuna wanaounda ndege zilizochorwa zisijengwe, kwa mfano Focke-Wulf Ta 183 ya Wajerumani, ambayo ilikuwa bado kwenye karatasi vita vilipoisha mwaka 1945. Hawa angalau wana michoro ya wahandisi ya kufuata. Wengine huunda ndege ambayo wanaamini ipo, ila wenye nayo wanakana. Hawa hawana mchoro wala picha. Habari yetu ni ya hawa wa pili.

Tuanze na namba. Mwaka 1962 Marekani ilianza upya kuhesabu ndege zake za kivita. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa na F-14, F-15, F-16 na F-18. Kisha mwaka 1982 ikatangazwa F-20 ya kampuni ya Northrop, iliyotokana na F-5, ile ambayo sisi Wakenya tumeizoea ikinguruma juu ya vichwa vyetu siku za sherehe za taifa. Je, 19 ilikwenda wapi? Wewe ukifungua jedwali la hifadhidata ukaona safu ya 18 inafuatwa na ya 20, utasema nini? Utasema kuna mtu ameficha kitu. Ndivyo walivyosema mashabiki wa ndege.

Na walikuwa na sababu nyingine. Agosti 1980, waziri wa ulinzi wa Marekani, Harold Brown, alitangaza hadharani kwamba nchi yake imepata ufundi wa kujenga ndege ambazo rada huziona kwa shida sana. Hakuonyesha chochote. Kwa hiyo umma ulijua jambo lenyewe lipo, lakini haukujua linafananaje. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hiyo: unajua mfumo wa watu fulani unafanya nini, lakini msimbo wake hujauona. Kinachobaki ni kukisia kutoka nje.

Aliyekisia kwa bidii alikuwa John Andrews, mbunifu wa modeli katika kampuni ya Testors. Hakuwa na siri ya mtu. Alikuwa na uvumi, na alikuwa na kanuni ambazo mtu yeyote angeweza kuzisoma. Ya kwanza: pembe mraba ni adui. Ukipiga mpira kwenye kona ya kuta mbili, hukurudia mwenyewe. Mawimbi ya rada hufanya vivyo hivyo yakikuta mahali bawa linapokutana na kiwiliwili, au mkia uliosimama wima. Ya pili: ndege ya upelelezi SR-71, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1964, tayari ilionyesha dawa mojawapo. Kingo za kiwiliwili chake zimelainishwa mpaka zikaungana na mabawa, na mapezi yake mawili ya mkia yameinama kwa ndani.

Andrews akazifuata kanuni hizo mpaka mwisho. Matokeo yake yalikuwa ndege nyeusi iliyoviringika kila mahali, bapa na laini kama samaki aina ya taa, na mapezi mawili yaliyoinama kwa ndani. Testors wakaitoa kwa kipimo cha 1:48, yaani sentimita moja ya modeli ni sentimita 48 za ndege halisi. Kwenye sanduku wakaandika F-19.

Modeli hiyo ilinunuliwa kama mandazi ya asubuhi. Kelele zikaanza. Bungeni mjini Washington, baadhi ya wawakilishi waliuliza inawezekanaje ndege ambayo wao, wanaopitisha bajeti, hawaruhusiwi kuiona, mtoto aweze kuinunua dukani. Hasira yao ilieleweka. Ila ilisimama juu ya dhana moja ambayo hawakuwa na njia ya kuihakiki: kwamba modeli ile inafanana na ndege halisi.

Na ndege halisi ilikuwepo. Ilikuwa inaruka tangu Juni 1981, ikaanza kazi jeshini mwaka 1983, ikifichwa Tonopah katika jangwa la Nevada. Marubani walirusha usiku tu, na wake zao hawakuambiwa waume zao wanarusha nini. Tarehe 11 Julai 1986, mwaka uleule wa modeli, ndege moja iligonga mlima karibu na Bakersfield, California, na Meja Ross Mulhare akafa. Askari wenye silaha waliuzingira mlima na anga la juu yake likafungwa. Jeshi lilikubali kwamba rubani amekufa, lakini halikusema alikuwa katika ndege gani. Ninapoutazama mchezo huu wa kukisia, huwa najikumbusha jambo hilo. Kwetu lilikuwa fumbo la plastiki. Kwa wengine lilikuwa jeneza.

Tarehe 10 Novemba 1988 Pentagon wakatoa picha moja, yenye ukungu. Ndege haikuitwa F-19, iliitwa F-117. Wala haikuwa laini. Ilikuwa imejaa pembe na nyuso bapa kama jiwe lililochongwa kwa shoka, na mkia wake ulifunguka kwa nje kama herufi V. Wale waliokuwa na modeli ya Testors juu ya rafu waliitazama, wakaitazama picha, wakabaki midomo wazi. Karibu kila kitu kilikuwa kimekosewa.

Kwa nini? Hapa ndipo tunaporudi kwenye fani yetu.

Mwaka 1962, mwanafizikia wa Kisovieti Pyotr Ufimtsev alichapisha Moscow utafiti mgumu wa hisabati kuhusu jinsi mawimbi yanavyotawanyika yakigonga kingo za kitu. Jeshi la Anga la Marekani lilitafsiri kazi hiyo mwaka 1971. Miaka michache baadaye ikasomwa na Denys Overholser, kijana wa Lockheed aliyekuwa mtaalamu wa rada na tarakilishi. Aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: milinganyo hii inaweza kugeuzwa programu. Igawe ndege vipande bapa vya pembetatu, kokotoa kila kipande kinarudisha mawimbi kiasi gani, kisha jumlisha. Programu hiyo iliitwa Echo 1.

Tatizo ni kwamba tarakilishi za miaka ya 1970 zilikuwa na nguvu ndogo na kumbukumbu ndogo. Vipande bapa ziliviweza. Uso uliopinda, ambao pembe yake hubadilika kila nukta, haukuwezekana. Kwa hiyo wahandisi walichora ndege ambayo programu yao iliweza kuikokotoa. Wataalamu wa mkondo wa hewa walipoiona walichukia, maana kitu kama kile hakina hamu ya kuruka. Waliibandika jina la utani la almasi isiyo na matumaini. Iliruka kwa sababu tarakilishi nyingine, iliyokuwa ndani yake, iliyarekebisha mabawa bila kupumzika, kwa kasi ambayo mkono wa rubani usingeiweza.

Hebu fikiria. Andrews alijiuliza swali zuri: ni umbo gani linalofaa kuikwepa rada? Lockheed nao walikuwa na swali jingine: ni umbo gani tunaloweza kulikokotoa? Mtu aliye nje anaweza kujua fizikia yote, lakini hawezi kujua kwamba walio ndani wamebanwa na kumbukumbu ya mashine. Nani kati yetu hajawahi kuucheka msimbo wa mtu mwingine, akiuona wa ajabu ajabu, mpaka akaambiwa uliandikiwa mashine ya aina gani?

Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba Lockheed nao walianza kwa modeli. Waliunda ya mbao, yenye urefu wa futi 10 hivi, wakaisimamisha juu ya nguzo jangwani na kuielekezea rada. Ben Rich, aliyeongoza mradi huo, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1994 kwamba mtu wa rada aliamini modeli imeanguka, kwa sababu hakuona kitu. Basi kunguru akatua juu yake, ndipo alama ikatokea: rada ilikuwa imemwona kunguru. Baadaye waligundua pia kwamba nguzo yenyewe inaonekana zaidi kuliko modeli, ikabidi wajenge nguzo mpya. Pande zote mbili, basi, zilikuwa na modeli. Ya Lockheed ilipelekwa mbele ya kitu chenye uwezo wa kuikataa. Ya Testors ilipelekwa dukani.

Hata rangi ina hadithi yake. Ndege mbili za majaribio zilizotangulia F-117 ziliitwa Have Blue. Ya kwanza iliruka Desemba 1977 ikiwa imepakwa mabaka ya rangi mbalimbali, ili mtu akiiona kwa mbali asizitambue zile nyuso bapa. Yaani walikuwa wanaificha siri kwa brashi. Na nadhani modeli ya F-19 iliwafanyia kazi hiyohiyo bila kutaka. Aliyeizoea taa ile nyeusi angepita chini ya F-117 mchana asijue ameiona.

Je, basi Andrews alishindwa? Mimi sidhani. Julai 1989, B-2 ya Northrop iliruka mara ya kwanza, na yenyewe ilikuwa imepinda na kulainika kutoka bawa hadi bawa. Tarakilishi zilikuwa zimekua na mpindo ukakokotoleka. Kanuni alizozifuata Andrews zilikuwa sahihi. Alichokosea ni kudhani kwamba zimeshawezekana katika ndege ile aliyokuwa akiitafuta.

Kuna kichekesho kimoja cha mwisho kwa wapenda michezo ya tarakilishi. Mwaka 1988 kampuni ya MicroProse ilitoa mchezo ulioitwa F-19 Stealth Fighter, wenye ndege laini ya kubuni. Lakini tarakilishi za nyumbani za wakati huo ziliweza kuchora poligoni bapa tu. Kwa hiyo ile ndege ya mipindo, kwenye skrini ilitokea ikiwa na pembe na nyuso bapa. Mashine ndogo sebuleni na mashine kubwa ya Lockheed zilikuwa na upungufu wa namna moja. Mwaka 1991 mchezo ukatolewa upya kwa jina la F-117A.

Ukiipata seti ya F-19 leo, iunde. Ushauri wangu ni miwili. Kwanza, usiipake nyeusi tititi. Kitu kidogo chenye rangi hiyo humeza mwanga wote, na mpindo uliosugua kwa msasa wiki nzima hauonekani tena. Tumia kijivu cha makaa, kisha pitisha brashi iliyo karibu kukauka, yenye kijivu chepesi zaidi, juu ya kingo. Pili, weka kibao kidogo chini ya modeli. Usiandike "ndege ya siri ya Marekani". Andika "dhana ya mwaka 1986". Anayekisia haoni aibu kukosea kama ameandika tarehe ya kisio lake na alichokuwa nacho mkononi siku hiyo. Hata kwenye maelezo ya msimbo ningependa tufanye hivyo: "Nadhani kifaa kile hujibu hivi, sijaona ndani yake, Machi." Atakayekuja baada yako atakushukuru.

Mimi modeli hii ningeiweka rafuni kando ya F-117, zote mbili kwa kipimo kimoja. Mgeni akiuliza ipi ni ya kweli, kuna hadithi ya kikombe kizima cha chai.

Haya, nawaachia swali: ni mfumo gani uliowahi kuukisia kutoka nje, halafu ulipofunguliwa ukakuta ni kitu kingine kabisa? Niandikieni. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.