Mshale katika Sarafu ya Fedha na katika Mchoro

Mwaka 1853 sarafu za fedha za Marekani zilianza kutolewa zikiwa na vyembe viwili vya mshale, yaani vichwa vyake vyenye ncha bila uti, kimoja kila upande wa tarakimu za mwaka. Vyembe hivyo havikuwa pambo. Baada ya dhahabu kugunduliwa California mwaka 1848, madini hayo yaliongezeka sokoni, thamani ya fedha ikilinganishwa nayo ikapanda, hata nusu dola ikawa na fedha yenye thamani kubwa kuliko ile iliyoandikwa juu yake. Wafanyabiashara wakazikusanya sarafu hizo, wakaziyeyusha au kuzisafirisha nje, na chenji ikaadimika. Kwa sheria ya tarehe 21 Februari 1853, Bunge la nchi hiyo lilipunguza uzito wa nusu dola kutoka takribani gramu 13.36 hadi 12.44, na mshale ukawekwa ili aishikaye sarafu aitambue nyepesi bila kuhitaji mizani.

Alama hiyo iliondolewa baada ya sarafu za mwaka 1855, kisha ikarejea mwaka 1873 na 1874, na hapa ndipo penye fundisho kubwa kwa mchunguzi wa alama: safari hii uzito ulikuwa umeongezwa, nusu dola ikafikia gramu 12.5. Mshale uleule uliotangaza kupungua ulitangaza kuongezeka, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusema tu kwamba sarafu imebadilika. Namna ilivyobadilika iliandikwa katika sheria.

Maana nyingine kabisa ilikuwamo katika sarafu za fedha za Hispania zilizotokana na amri ya mwaka 1497, ambazo zilibeba nira na fungu la mishale. Mishale, ambayo kwa Kihispania huitwa flechas, ilikuwa nembo ya Malkia Isabel, na herufi yake ya kwanza ilimtaja mumewe Fernando, kama nira ya mfalme, yugo, ilivyomtaja malkia, ambaye jina lake wakati huo liliandikwa Ysabel.

Nchini Uingereza, mistari 3 inayokutana kwenye ncha moja, mfano wa unyayo wa kuku, ilikuwa alama ya mali ya serikali, ikipigwa kwenye mizinga, vifaa vya majini na hatimaye nguo za wafungwa. Wapima ardhi wa idara ya ramani ya nchi hiyo, Ordnance Survey, waliichonga kwenye kuta chini ya mstari mlalo. Kimo kilichopimwa kutoka usawa wa bahari ni cha mstari huo, nao mshale unauonyesha. Hivyo alama ya umiliki ikapewa kazi ya kuelekeza.

Katika michoro ya kitaalamu kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana: Mfaransa Bernard Forest de Bélidor, katika kitabu chake Architecture hydraulique kilichoanza kutoka mwaka 1737, alitumia mishale kuonyesha maji yanakoelekea ndani ya mitambo. Kiswahili nacho kimeutenga mshale na upinde kwa njia hiyohiyo kinapotaja mshale wa saa. Mwaka 1884 mwanakemia Mholanzi Jacobus van 't Hoff aliweka mishale miwili iliyopeana migongo kati ya pande mbili za mlinganyo, kuonyesha mmenyuko unaokwenda na kurudi kwa wakati mmoja.