Jani ku etiketi: diamba tangu kwa Kalamba mpaka mu kopo ya mafuta



Mkutano wetu wa mwisho, pale Makomeno, ulikuwa karibu kuvunjika juu ya kopo moja ya mafuta ya kupakala. Yaya mmoja aliitosha mu sakoshi, kopo nzuri ya kijani yenye jani la vidole saba ku etiketi, mutoto wake alimutumia toka Johannesburg. Alipoanza kupakala ku mikono, papa mmoja, juriste, akasimama: "Yaya, ficha ile kintu! Ile iko bangi! Unapenda batufunge shiye bote?" Yaya akajibu bila kuinua macho: "Papa, miye niko napakala tangu mwezi muzima, na sijalewa hata siku moja. Tazama tu ngozi." Tukacheka. Kijana mmoja akasema wazungu wanatuletea tena mambo yao mapya.

Neno la yule kijana njo lilinifanya niandike. Juriste alikuwa na sehemu ya ukweli, yaya naye alikuwa na sehemu yake, lakini kijana alikosea. Diamba haikuja jana kwetu. Ina historia ndefu mu inchi hii, na kama hatuijui, hatutaweza kusoma vizuri hata etiketi ya kopo ndogo.

Tuanzie ku majina. "Bangi" ni neno lililovuka bahari toka India pamoja na mmea wenyewe, likaingia mu Kiswahili cha pwani, kisha likapanda na misafara mpaka huku bara. "Diamba", ao "liamba", ao "riamba", ni jina la upande wa Angola na Kasai. Jina hilo lilivuka hata Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani, na mpaka leo linajulikana Brazil. Lubumbashi iko mahali majina yote mawili yanakutana, sababu watu wake wametoka pande zote mbili.

Mu mwaka wa 1881 Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann Wissmann, walifika kwa chifu Kalamba Mukenge, mu inchi ya watu tunaowaita leo Bena Luluwa, si mbali na Kananga ya sasa. Waliwakuta wanajiita Bena Riamba, ni kusema watu wa diamba. Ilikuwa kama dini mupya. Walikuwa wamechoma dawa nyingi za wazee wao, na inchi yao waliiita Lubuku, maana yake urafiki. Walisalimiana kwa neno "moyo", ni kusema uzima. Watu waliogombana wakipatana, walivuta pamoja mu kibuyu kimoja kikubwa. Aliyekosa alihukumiwa kuvuta mpaka aanguke. Dada yake Kalamba, Sangula Meta, alikuwa mukubwa mu mambo hayo ya ibada.

Tusiwafanye malaika. Lubuku ilisimama pia juu ya biashara na Wachokwe, na mu biashara ile kulikuwa pembe za ndovu, bunduki, na watu. Wazee wengine waliokataa mambo mapya waliteswa. Johannes Fabian, aliyefundisha hapa Lubumbashi mu miaka ya 1970, anaeleza habari hizi mu kitabu chake Out of Our Minds cha mwaka 2000. Wenye kusoma Kiingereza wakitafute.

Sasa, jambo moja ambalo watu hawaliunganishi na habari hiyo. Bena Luluwa haohao ni watu wanaojulikana duniani kote juu ya ngozi. Nendeni mutazame sanamu zao ndogo za mama mwenye mimba ao mwenye mutoto, zile za bwanga bwa Cibola, ziko mu mamuze ya Ulaya. Shingo ndefu, chale zimepangwa vizuri, na mwili unangaa. Unangaa sababu zilipakaliwa mafuta na unga mwekundu wa muti, ule wanaouita tukula. Mama aliyepoteza mimba ao watoto alipewa sanamu ile, na aliitunza kama anavyotunza mwili wake mwenyewe. Kwao ngozi laini, yenye kungaa, ilionyesha kama mtu iko muzima ndani ya mwili na ndani ya roho.

Kwa hiyo watu walewale walikuwa na vyote viwili. Mafuta na tukula vilikuwa vya ngozi. Diamba ilikuwa ya moshi, ya kiapo na ya mapatano. Kila kimoja kilikuwa na mahali pake. Kile kopo ya yaya inaleta leo ni kuviweka vyote viwili mu kopo moja, na hapo njo penye kuwa upya wake.

Kati ya Kalamba na kopo kuna sheria. Tarehe 1 Machi 1903, Leta ya Leopold II ilitoa dekreti juu ya "chanvre à fumer", diamba ya kuvuta: kulima, kuuza, kusafirisha na kuwa nayo, yote yakakatazwa. Angalieni mwaka ule. Dunia ilikuwa bado haijapatana neno lolote juu ya bangi. Ni ku Genève, mu Februari 1925, njo mataifa yaliiingiza mu mkataba, baada ya Misri kusukuma. Congo ilikuwa imetangulia kwa miaka 22. Mimi sishangai. Leta iliyohitaji mikono kwa kauchu na kwa barabara haikupenda watu wanaokaa pamoja kuzunguka kibuyu na kuapa kwa chifu wao. Toka pale, kitu kilichokuwa alama ya urafiki kikawa kitu cha kufichwa. Wakati njia ya reli ya BCK iliunganisha Katanga na Ilebo mu mwaka 1928, watu wa Kasai walishuka huku kwa wingi na majina yao, nyimbo zao, chakula chao. Diamba nayo ilijulikana, lakini kwa sauti ya chini.

Wakati sisi tulikuwa tunaificha, wengine waliipeleka mu laboratware. Mu mwaka 1940 Roger Adams, kule Illinois, alitosha mu mmea dutu inayoitwa kanabidioli, ile wanaandika CBD. Mu mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni, kule Israeli, walitosha ile nyingine, THC. THC njo inalewesha. CBD hailewesi. Kwa Kalamba vyote vilikuwa moshi mmoja. Sasa mmea ulikuwa umegawanyika.

Sheria nayo ikafuata mgawanyo wa namna yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unaita "kanabisi" vichwa vya maua ya mmea. Mbegu, na majani yasiyo na vichwa, havihesabiwi humo. Kwa mlango huo mudogo njo mafuta ya mbegu yalipita. Mu mwaka 1998 The Body Shop, kampuni ya Anita Roddick kule Uingereza, ilileta kreme ya mikono ya mafuta ya mbegu yenye picha ya jani, na watu wakaijua dunia nzima. Kisha zamu ya CBD: Marekani, sheria ya mashamba ya Desemba 2018 ilifungulia mmea usiopita asilimia 0.3 ya THC. Tarehe 19 Novemba 2020 tribinali kubwa ya Umoja wa Ulaya ilisema CBD si dawa ya kulevya. Hata majirani wetu walibadilika: Lesotho ilitoa ruhusa ya kulima tangu 2017, Zimbabwe 2018, Malawi 2020, Zambia ilipata sheria yake mu 2021. Afrika ya Kusini, korti ya katiba ilisema mu Septemba 2018 kama mtu mkubwa anaweza kutumia bangi ndani ya nyumba yake.

Basi turudi ku kopo ya yaya. Jani lilelile linaweza kuonyesha vitu vitatu.

Cha kwanza ni mafuta ya mbegu. Ku etiketi yanaandikwa "Cannabis Sativa Seed Oil". Ni mafuta ya kula na ya kupakala kama mengine: zaidi ya nusu yake ni asidi linoleiki, inayosaidia ngozi kavu kushika maji. Hayalewesi. Shida yake ni moja, yanaharibika haraka kwa joto na mwangaza. Kopo iliyokaa juani ku soko mu mwezi wa kumi, wakati Lubumbashi inawaka, inaweza kuwa imekwisha kuoza mbele ya kufunguliwa. Inusheni. Ikinuka kama rangi ya kupaka nyumba, tupeni.

Cha pili ni CBD. Inauzwa bei kali zaidi. Mu 2014 watafiti wa Hungaria walionyesha mu laboratware kama CBD inapunguza mafuta ambayo chembe za ngozi zinatosha, na hapo njo wauzaji walipata neno lao juu ya chunusi. Lakini chembe mu chupa na uso wa mutoto wako ni vitu viwili. Na tena, wanasayansi wa Marekani walipima mu 2022 vitu 105 vya kupakala vyenye CBD. Kati ya 89 vilivyoandika kiasi, 21 tu vilisema ukweli. Na 37 vilikuwa na THC ndani.

Hiyo THC njo cha tatu. Kwa kupakala tu, haipiti sana mu damu, kwa hiyo yaya hatalewa. Lakini juriste wetu hakuwa anasema juu ya kulewa. Kwetu RDC bangi ingali imekatazwa, na mtu wa duane pale Kasumbalesa hana laboratware mu mufuko. Anaona jani. Ruhusa ya Johannesburg inabaki Johannesburg, na ile ya Lusaka ni ya wenye leseni.

Kuna jambo lingine linanisumbua zaidi kuliko duane. Mama zetu na dada zetu wamekwisha kuumia na kopo nzuri. Wengi wanajua mafuta ya kungarisha, yale ya hidrokinoni, ya zebaki, ya kortizoni, yaliyoacha uso wenye madoa meusi na ngozi isiyofunga kidonda. Yale nayo yalikuja na etiketi nzuri na muzaji mwenye maneno matamu. Sisemi mafuta ya mbegu ya diamba ni ya namna ile, hapana. Ninasema muzaji aliyezoea kuchanganya anaweza kuweka jani la kijani juu ya mchanganyiko uleule. Kopo ikikungarisha mu juma mbili, jua kama si mbegu inafanya kazi ile.

Kwa hiyo, mbele ya kununua, soma nyuma ya kopo, usitazame mbele. Uliza ni mbegu ao ni CBD. Kama hakuna orodha ya vitu vya ndani, iache. Na kama unasafiri, iache kwa mutoto wako kule.

Yaya alirudia na kopo yake. Tuliisoma pamoja, miwani ikipita toka mkono mpaka mkono: mafuta ya mbegu, na nyuma yake karite na mafuta ya nazi. Juriste akaomba kidogo kwa viwiko vyake, lakini aligeuza jani ku ukuta kwanza.

Wenye kuwa na bibi wa Kasai, nina ombi. Muulizeni alipakaliwa nini siku alipotoka mu nyumba na mutoto wake wa kwanza. Andikeni majibu kabla hajaondoka. Majina ya mafuta yale hayako ku etiketi yoyote.