DAR KWA MGUU: Posta Mpaka Kariakoo, Miji Mitatu Ndani ya Nusu Saa

Mgeni akija Dar mara ya kwanza hupewa orodha ile ile. Coco Beach, Masaki, Mlimani City, kisha boti ya Zanzibar. Kariakoo anaambiwa asiende peke yake, na akienda simu aishike vizuri. Ushauri wa simu ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba anaondoka akidhani ameliona jiji, kumbe ameona upande mmoja tu wa mstari uliochorwa zamani sana.

Mstari huo bado upo, na unapitika kwa miguu. Pa kuanzia ni Barabara ya Sokoine, mkabala na bandari, kwenye jengo linaloitwa Boma la Kale. Kuta nene, mlango wa mbao wa kuchongwa, wapita njia wengi hata hawaliangalii. Sultani Majid wa Zanzibar alilijenga miaka ya 1860 kwa ajili ya kufikia wageni wake, enzi hizo hapa palikuwa pembeni ya kijiji cha wavuvi kiitwacho Mzizima. Yaani jengo kongwe kuliko yote lililobaki mjini ni nyumba ya wageni! Majid akafa mwaka 1870, mji wake ukalala.

Wajerumani ndio waliouamsha. Mwaka 1891 walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja Dar, na mwaka huo huo wakatoa amri ya ujenzi. Hapa ndipo mgeni inabidi asimame kidogo. Amri iligawa mji kwa aina ya nyumba. Upande wa bahari wa mashariki, nyumba za mtindo wa Ulaya tu. Nyumba za udongo na makuti, kule nyuma. Waingereza walipokuja wakaendeleza mchezo ule ule, miaka ya 1920 wakawa na kanda tatu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye karatasi ilikuwa habari ya kuta na paa. Ila nani alikuwa na uwezo wa kujenga ukuta wa aina gani, kila mtu alijua, na watu wa mtaani wakaita kanda hizo kwa majina yake halisi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Uzunguni ni kule Barabara ya Ocean, Ikulu, hospitali ya zamani ya Wajerumani, barabara pana zenye miti mikubwa. Pazuri, hamna ubishi. Upepo wa bahari ulikuwa wa kwao kwanza. Baadaye wakasogea mpaka Oysterbay, na kwa miaka mingi kodi ya nyumba huko ilisomwa kwa dola.

Uhindini mgeni ataijua kwa roshani. Maghorofa ya mbili tatu, duka chini, familia juu, na mengine yana mwaka wa kujengwa umeandikwa kule kileleni. Ashike mitaa ya Kisutu, apite Jamatini, ale kababu na badia, anywe juisi ya miwa, halafu ainue shingo asome ile miaka. Wengi waliojenga majengo hayo hawamo tena. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi za Kihindi zikafungasha kwenda Kanada na Uingereza. Wapo waliosema haki imetendeka, maana mji ulikuwa mikononi mwa wachache. Wapo waliopoteza ghorofa moja ambalo babu alilijenga kwa kuuza vitambaa miaka arobaini. Zote mbili ni kweli, na majengo yale yale yamesimama hapo.

Sasa Mnazi Mmoja. Mgeni ataona bustani, miti, watu wamelala kwenye nyasi mchana, akajua ni sehemu ya kupumzikia. Uwazi huu ulisafishwa makusudi ili Uswahilini kukae mbali na upande wa pili. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, magonjwa yasivuke. Mbu, bila shaka, hawakuarifiwa. Mambo yakageuka lakini. Pale palipowekwa pa kutenganisha watu pakawa pa kukusanyikia, na leo pamesimama mnara wa Mwenge wa Uhuru. Mji ulijilipia wenyewe.

Akivuka hapo, yuko Kariakoo. Jina linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wapagazi wakapiga kambi hapa, ulimi wa mtaani ukafanya kazi yake. Wapagazi hawa hawakuwa na bunduki. Walibeba risasi, unga na mahema ya wengine, mzigo wa kilo 25 hivi, maporini, kwenye mvua. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Pale Posta kuna sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, maandishi yake yanawataja wapagazi, ila aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Mpagazi amebakiziwa soko. Na soko hilo watu wanalitaja kila siku kuliko ile sanamu!

Haiishii hapo. Mitaa inayolizunguka inaitwa Tandamti, Narung'ombe, Mahiwa. Hayo ni majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko kusini. Mtu ananunua kitenge Narung'ombe, anabishana bei, nyuma yake kijana anapita na mzigo begani akipiga kelele "mzigo mzito!" apishwe njia. Kazi ni ile ile, mtaa una jina la vita.

Soko lenyewe, lile jengo lenye paa kama uyoga, lilichorwa na mbunifu Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Moto uliliunguza Julai 2021. Pembeni yake maghorofa yamemeza karibu nyumba zote za Kiswahili, zile za vyumba sita na korido katikati, uani jikoni na choo, mbele baraza ya wazee na bao. Zimebaki chache. Ndani ya nyumba kama hizo Mmakonde alipanga chumba jirani na Mnyamwezi, wakagombania foleni ya bafu, na humo humo Dar ikapata Kiswahili chake cha kukata na shoka. Klabu za Simba na Yanga zote zimekulia mitaa hii. Mgeni aulize tu nani mkubwa, atakaa hapo mpaka magharibi.

Jioni asirudi Posta. Apande mwendokasi Msimbazi, avuke bonde la Jangwani (kama siyo masika, maana maji yakijaa hapo basi linaishia njiani) ashuke Magomeni. Mwalimu Nyerere aliishi huku kabla ya uhuru, nyumba yake sasa ni makumbusho. Akishamaliza, pembeni ya barabara kuna mama anakaanga vitumbua, bei haisomwi kwa dola.