Mgema Akisifiwa: Kisa cha Pikipiki za Waingereza

Huko Uingereza wapo watu ambao kila wanapoegesha pikipiki zao nyumbani huweka sinia la bati chini ya injini. Sinia hilo ni la kukinga oili. Pikipiki zenyewe ni za zamani: Triumph, BSA, Norton, Velocette, Matchless au Ariel. Wenyewe wana mzaha wao wa siku zote, kwamba ukiona oili haivuji basi ujue imekwisha. Wanaucheka uvujaji huo kama watu wanavyozicheka tabia za mzee wa nyumbani wanayempenda. Leo ningependa tuutazame mzaha huo kwa makini, kwa sababu ndani yake imo habari ya viwanda vikubwa vilivyokufa na maelfu ya watu waliopoteza kazi.

Kwanza tukubali kwamba mapenzi hayo yana sababu. Chukua Triumph Bonneville, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959. Ili kuiwasha, mwenyewe hubonyeza kitufe kidogo cha kabureta mpaka petroli ianze kuchuruzika, kisha hupanda na kupiga kiki kwa uzito wake wote. Ikikubali, hutoa mngurumo ambao wapenzi wake huutambua hata kabla hawajaiona. Na ikiharibika njiani, mwenyewe akiwa na spana zinazofaa na akili iliyotulia, mara nyingi ataitengeneza papo hapo. Kila kitu kinaonekana kwa macho na kinafikika kwa mkono. Mtu aliyeifungua na kuifunga mwenyewe huiona kuwa yake kwa namna ambayo hati ya kununulia haiwezi kumpa.

Chimbuko la Bonneville ni mwaka 1937, pale Edward Turner, mbunifu wa kampuni ya Triumph mjini Coventry, alipotoa pikipiki iliyoitwa Speed Twin. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Ilikuwa nyepesi na yenye nguvu, na baada ya Vita Kuu ya Pili karibu kila kampuni ya Uingereza iliiga mpango huo. Kiwanda cha Triumph kiliteketezwa kwa mabomu ya Wajerumani Novemba 1940, na kingine kikajengwa katika kijiji cha Meriden. Mwaka 1951 Triumph ilinunuliwa na BSA ya Birmingham, ambayo ilikuwa ikihesabiwa kuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya pikipiki. Marekani nayo ikafungua milango. Katika filamu ya mwaka 1953, Marlon Brando alionekana juu ya Triumph. Na katika filamu ya mwaka 1963 iliyomtukuza Steve McQueen, ile pikipiki ya jeshi la Wajerumani inayoruka uzio ilikuwa kwa kweli Triumph iliyopakwa rangi.

Hapo ndipo wahenga wetu wanapoingia: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Injini ile ilikuwa na kasoro mbili za kuzaliwa. Pistoni zake mbili zilipanda pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo ilitetemeka, na mtetemeko ulilegeza nati. Pili, sehemu yake ya chini ilikuwa imegawanywa kutoka juu hadi chini, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, hivyo maungio yakapita mahali pale pale oili inapokaa. Mafundi waliyajua yote hayo. Lakini kuyarekebisha kulihitaji mashine mpya na mtaji mkubwa, na wanunuzi walikuwa wakinunua. Mteja alilalamika, akacheka, akaweka sinia, na mwaka uliofuata akanunua nyingine. Wakuu wa makampuni wakaona hakuna haja ya kuhangaika.

Mwaka 1959, mwaka ule ule wa Bonneville, Honda ya Japani ilishiriki kwa mara ya kwanza katika mashindano ya kisiwa cha Man. Mwaka 1960 Turner mwenyewe alikwenda Japani, akatembelea viwanda, akarudi na taarifa yenye kuonya juu ya kile alichokiona. Mwaka 1961 Honda ilishinda katika kisiwa cha Man. Hata hivyo, maofisini hoja iliyotawala ilikuwa kwamba Wajapani ni watu wa pikipiki ndogo, na kijana akianza na Honda ndogo atakuja kununua Triumph atakapokua. Kijana alikua, lakini Honda nayo ilikua pamoja naye. Mwaka 1969 ilitoa CB750 yenye silinda nne, breki ya diski mbele na stata ya umeme. Ilibonyezwa kitufe ikawaka, na chini yake hakikuhitajika sinia.

Baada ya hapo anguko lilikuja upesi. BSA ilifilisika, na mwaka 1973 mabaki yake yaliunganishwa na Norton kwa msaada wa fedha za serikali. Septemba mwaka huo ikatangazwa kwamba kiwanda cha Meriden kitafungwa. Wafanyakazi wapatao 1,750 walikuwa wapoteze kazi. Wakakataa. Wakakikalia kiwanda, wakazuia pikipiki zilizokuwa ndani zisitolewe, wakalinda lango kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Hatimaye, chini ya waziri Tony Benn wa chama cha Labour, serikali iliwapa mkopo na ruzuku ya karibu paundi milioni 5, na Machi 1975 wakaanza ushirika wao wenyewe. Kwa mara ya kwanza, mfagiaji na fundi wakawa na mshahara mmoja.

Kama mapenzi peke yake yangetosha kuokoa kiwanda, Meriden ingesimama hadi leo. Watu wale waliipenda kazi yao kwa vitendo, kwenye baridi, bila mshahara wa kawaida. Lakini walichorithi kilikuwa injini ya mwaka 1937 iliyokuzwa na kutiwa viraka, mashine zilizochakaa, na deni. Fedha ya kubuni injini mpya hawakuwa nayo. Uzembe wa miaka ishirini wa watu wengine uliwaangukia wao. Agosti 1983 ushirika ulifungwa. Kiwanda kikabomolewa, na mahali pake zikajengwa nyumba za kuishi.

Mwaka 1984, maili chache kutoka hapo, lilifunguliwa jumba la makumbusho ya pikipiki za Uingereza. Septemba 2003 moto uliunguza humo pikipiki zipatazo 380. Wapenzi na mafundi wakaokota vyuma vilivyopinda, wakaanza upya, na Desemba 2004 jumba likafunguliwa tena. Kampuni ya Vincent nayo iliacha kutengeneza pikipiki mwaka 1955, lakini chama cha wamiliki wake, kilichoundwa mwaka 1948, kingali hai, na wanachama walianzisha kampuni yao ya kutengeneza spea. Mapenzi, basi, yanaweza kuhifadhi pikipiki moja kwa miaka mia. Kiwanda kinahitaji kitu kingine.

Jina la Triumph lilinunuliwa mwaka 1983 na mjenzi wa nyumba, John Bloor. Yeye aliweka kando michoro ya Meriden, akajenga kiwanda kipya Hinckley, na pikipiki zake zilipoingia sokoni mwaka 1991 zilikuwa na injini mpya kabisa. Jina la Bonneville alilirudisha baadaye, alipokwisha kuwa na uhakika kwamba pikipiki zake hazivuji.

Na Norton? Ilifilisika tena na tena, mpaka Aprili 2020 iliponunuliwa na kampuni ya TVS ya India kwa paundi milioni 16. Jina la TVS halihitaji maelezo kwa dereva yeyote wa bodaboda, Dar es Salaam au Nairobi. Dereva huyo haipendi pikipiki yake kwa namna ya wale wenye masinia. Isipowaka asubuhi, watoto hawali, na mwezi ujao ataangalia aina nyingine. Wakuu wa BSA na Triumph hawakuwa na mteja mkali kama huyo wa kuwaamsha. Walikuwa na wateja waliowapenda na kuwasamehe, nao wakalala. Aliyenunua jina la Norton ni yule aliyelazimika kumridhisha huyu wa bodaboda kila siku.